Chama cha Ndoo, sehemu ya kumi na moja: Bei ya Ndugu

Mkunga alisukuma mlango wa ofisi ya chama, na aliyemkuta amekalia kiti chake hakuwa mwingine ila Bwana Maboza mwenyewe! Hapo ndipo tulipomwacha juma lililopita, mkono ungali kwenye kitasa.

Kiti ni kile kile cha plastiki, mguu mmoja umefungwa waya. Kikombe ni kile kile kisicho na mkono, cha Mkunga mwenyewe, ambacho hakuna mwanachama anayethubutu kukinywea. Na aliyekuwa akimmiminia chai tajiri wa maboza ya maji alikuwa Katibu wa chama. Mkwe wa Mkunga! Mume wa binti yake kitindamimba, mwenye mimba iliyokwisha kutimia.

"Shikamoo, mama," alisema Katibu.

Mkunga hakuitikia. Salamu ikabaki inaning'inia kama nguo iliyosahauliwa kambani.

"Karibu ofisini kwako," alisema Bwana Maboza. "Chai yenu nyepesi, lakini ina moto."

"Inuka."

"Mama, hasira hasara."

"Nimesema inuka. Kiti hicho kina mguu mbovu. Ukianguka utasema chama kimekupiga."

Tajiri alicheka mpaka tumbo likamtikisika. Wala hakuinuka.

Siku ile haikuwa siku ya kucheka. Saa nne asubuhi kilikuwa kinaanza kikao cha gharama. Sheria mpya ilitaka kila chama kisimame mbele ya jopo, redio ikisikiliza, kieleze ahadi yake itagharimu kiasi gani na fedha zitatoka wapi. Ukishindwa kujibu, ahadi inafutwa. Vyama vikubwa vilikuwa vimekodi maprofesa. Chama cha Ndoo kilikuwa na Mkunga, mwenyekiti na mgombea wake.

Ahadi yao ilikuwa moja tu: bomba la maji kila zahanati.

Na fedha zilikuwa zitoke mahali pamoja tu: ushuru wa visima. Bwana Maboza anatoboa ardhi ya wote, anavuta maji ya wote, anawauzia wote kwa boza. Kibali anacholipia kinaitwa kibali cha kisima cha bustani. Sawa na kikongwe anayemwagilia mboga zake nyuma ya nyumba!

Kwa nini bomba, na si barabara wala ndege? Kwa sababu ya binti mwingine. Kifungua mimba wa Mkunga alijifungua katika zahanati ya mtaa siku ambayo tangi lilikuwa kavu. Uzazi ulikuwa mwepesi. Mikono iliyompokea mtoto ilipanguswa kwenye aproni, kwa kuwa hapakuwa na cha kuinawia. Homa ndiyo iliyommaliza mama mtu.

Na msidhani bomba hilo lilikuwa halijaahidiwa. Chama kikubwa kiliahidi uchaguzi uliopita, na ule wa kabla yake, na ule wa kabla ya huo. Safari moja walilijenga kabisa. Waziri akakata utepe, akafungua koki, maji yakatoka, vigelegele vikapasua anga. Nyuma ya ukuta lilikuwa limeegeshwa boza, mpira umechomekwa kwenye bomba. Waziri alipoondoka, boza nalo likaondoka. Koki ikabaki inatoa upepo: fsssss. Boza lilikuwa la nani? Msijifanye mmesahau.

"Ahadi yako mimi naipenda," alisema Bwana Maboza, sasa bila kucheka. "Baki nayo. Badilisha kitu kimoja tu. Ukiulizwa fedha zitatoka wapi, usiseme ushuru wa visima. Sema wafadhili."

"Wafadhili gani?"

"Watu wenye mapenzi mema."

"Wanaitwa nani?"

"Mmoja anakunywa chai yako." Akanywa. "Nitakupa mabango, magari, mawakala kila kituo cha kura. Vyama vidogo vyote ndivyo vinavyoishi, mama. Yule anayeahidi pikipiki kwa kila kijana, unadhani petroli ya kuzungukia anaitoa wapi?"

"Na nikikataa?"

"Ukikataa nitakuuliza swali moja mbele ya jopo. Bei ya mabomba yenu mmeitoa wapi?"

"Kwa mafundi wenyewe," alijibu Mkunga kwa kiburi. "Wa bomba, waashi, wachimba mitaro. Nimewapigia hodi mmoja mmoja. Sikukodi profesa."

"Basi muulize fundi wako ni bei gani ile. Muulize sasa hivi, kabla sijamuuliza mimi." Akaweka kikombe chini. "Vyama vidogo ni debe tupu, mama. Ukiligonga tu, linalia."

Fundi Bomba alikuwa amesimama mlangoni, spana yake ikichungulia kutoka mfuko wa nyuma kama kawaida. Alikuwa mwanachama wa pili kujiunga, baada ya Mkunga mwenyewe. Sasa alikuwa anajikuna kisogo, na fundi akianza kujikuna kisogo, ujue ukuta umeshapasuka.

"Sema, Fundi."

"Mama, ile... ile ilikuwa bei ya ndugu."

"Bei ya ndugu ndiyo nini?"

"Ulikuja nyumbani, mama. Ukaniuliza, zahanati moja nitailazia bomba kwa kiasi gani. Mapacha wangu wanacheza pale uani, na wewe ndiye uliyewatoa. Nikutajie bei ya mtaani? Mke wangu angenilaza nje!"

Mkunga akamsogelea. "Na mwashi?"

"Mwashi umemzalishia watano."

"Mchimba mitaro?"

"Mchimba mitaro ulimpokea mwenyewe, mama! Yeye mwenyewe, na mama yake bado anasimulia."

"Bei ya mtaani ni ipi?"

Fundi Bomba alitazama viatu vyake. "Mara tatu. Na hapo sijatia nauli."

Mkunga aliegemea ukuta. Maisha yake yote alikuwa amepokea watoto wa mji ule, na leo hapakuwa na fundi hata mmoja wa kumtajia bei ya kweli. Kila mmoja alikuwa amepunguza kidogo kwa mapenzi. Mapenzi yale yalipojumlishwa, yakawa kaburi la ahadi.

Bwana Maboza aliinuka, akajipangusa suruali. "Saa nne, mama. Fikiri." Akatoka. Kiti nacho, kama kilichokuwa kinamwonea haya, kikaanguka baada yake.

"Mama, kubali," alisema Katibu.

Tangu amwoe binti yake, mkwe yule hakuwahi kumtazama Mkunga usoni. Akiongea naye, macho yake huwa chini, ndiyo heshima. Siku ile aliyainua, na yalikuwa mekundu.

"Wewe ndiye uliyemwita," Mkunga alimwambia.

"Mimi."

"Kwa bei gani? Maana siku hizi kila mtu ana bei yake."

"Kitanda. Amenipatia kitanda katika hospitali ya kulipia, ile ya mlimani. Ina maji, mama. Ina maji ya moto na ya baridi!" Akainua mkono wake wa kulia. "Shemeji yangu nimemzika. Nilishika jeneza kwa mkono huu. Sitamzika mke wangu kwa ajili ya ilani."

"Na wake wa wenzako?"

"Wa wenzangu nitawaonea huruma. Wangu ndiye nitakayemlilia."

Kwani uongo uko wapi hapo? Mkunga alijitanda mtandio wake, akapita katikati ya wanaume wale wawili, akaelekea ukumbini.

* * *

Ukumbi ulifurika. Mwenyekiti wa jopo alikuwa na miwani mizito na kengele ya kugonga kwa kiganja. Redio ilikuwa imemleta mwandishi wake, binti mmoja mwepesi wa miguu, na kipaza sauti chake kilikuwa hakizimwi.

Alianza mgombea wa pikipiki kwa kila kijana.

"Fedha zitatoka wapi?" aliuliza mwenyekiti.

"Tutabana matumizi."

"Matumizi gani?"

"Yale yasiyo ya lazima."

"Kiasi gani?"

"Kiasi cha kutosha!"

Kengele! Ahadi ikafutwa. Akafuata wa daraja juu ya ziwa. Yeye fedha zake zingetoka kwenye mali zilizofichwa nje ya nchi.

"Nje wapi?"

"Mheshimiwa, tungejua tusingesema zimefichwa."

Kengele! Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Kisha kikapanda chama kikubwa, na maprofesa wake, na picha za rangi ukutani. Fedha zao zingetoka kwenye ukuaji wa uchumi. Jopo likaitikia kwa vichwa, kengele ikalala usingizi. Nami nawaulizeni, huo ukuaji wa uchumi una tofauti gani na kubana matumizi, ila kwamba umevaa suti?

"Chama cha Ndoo!"

Mkunga alisimama. Bwana Maboza alikuwa kiti cha mbele, miguu ameinyoosha. Alimkonyeza, kama anayemkumbusha mtu dawa zake.

"Mheshimiwa mwenyekiti," alianza, "mimi kazi yangu ni ukunga. Na kazini kwangu mficha uchi hazai. Basi leo najifunua mimi. Gharama niliyowaletea si ya kweli."

Bwana Maboza alikunja miguu yake taratibu.

Mkunga akaeleza yote: hodi alizopiga, mapacha wa Fundi Bomba, watano wa mwashi, mchimba mitaro aliyezaliwa mikononi mwake. Kicheko kilianzia nyuma, kikaja mbele kama wimbi.

"Mama, na mimi nipe bei ya ndugu!" alipayuka kijana mmoja kutoka pembeni.

"Wewe nyamaza! Wewe nilikutoa kwa miguu. Tangu siku hiyo unafanya mambo kinyumenyume."

Ukumbi ukapasuka. Hata mwenyekiti alivua miwani akaifuta. Kisha akaivaa tena.

"Gharama ya kweli ni ipi?"

"Mara tatu ya hiyo."

"Kwa hiyo, mama, unafuta ahadi yako?"

Bwana Maboza alikuwa ameinama mbele, viganja juu ya magoti, kama mtu anayengoja mtoto ateleze.

"Sifuti ahadi," alisema Mkunga. "Nafuta huruma. Kama gharama ni mara tatu, na ushuru wa visima uwe mara tatu!"

Mayowe! Wengine walipanda juu ya viti. Bwana Maboza aliruka wima, kidole hewani.

"Bei hiyo nayo kaiota! Nani anaithibitisha? Mheshimiwa, nani?"

"Swali la haki," alisema mwenyekiti. "Nani anaithibitisha?"

Macho yote yakamgeukia Fundi Bomba. Masikini Fundi! Nusu ya mkate wake ilitoka kwa tajiri huyo huyo. Aliinuka, akakaa, akainuka tena. Alishika spana mfukoni kama mtu anayeshika hirizi.

"Mimi," alisema. "Naithibitisha mimi."

"Na hii si ya ndugu?"

"Hapana, mheshimiwa. Hii ndiyo niliyomtoza Bwana Maboza pale, mwaka jana, kulaza mabomba ya visimani kwake. Alilipa yote. Wala hakuomba apunguziwe."

Hapakuwa na haja ya kusema zaidi. Mwenyekiti alimtazama tajiri, tajiri akatazama dari. "Imepokelewa," alisema mwenyekiti, na kengele haikulia.

Kwa mara ya kwanza tangu amzike mwanawe, Mkunga alicheka mpaka meno ya mwisho yakaonekana. Hakuona kwamba Bwana Maboza alikuwa tayari na simu sikioni, akisema maneno machache tu.

"Liegeshe zahanati. Na ungoje."

* * *

Watu walikuwa bado wanamwimbia Mkunga nje ya ukumbi, jua la mchana likiwaka, pikipiki ilipokuja kwa fujo ikasimama miguuni pake. Katibu alishuka kabla haijatulia. Kiatu kimoja hakuwa nacho.

"Mama! Uchungu umemshika. Tulikwenda mlimani, wametufungia geti. Wanasema kitanda kimefutwa."

"Yuko wapi mwanangu?"

"Zahanati. Ile ile."

"Tangi lina maji?"

Mkunga alikuwa ameshapanda nyuma ya pikipiki. Nyuma yao ilikuja ya pili, imempakia Fundi Bomba na binti wa redio, kipaza sauti kifuani.

Muuguzi aliwapokea mlangoni akiwa na ndoo tupu mkononi. Alikuwa peke yake, na jasho lilimtoka mpaka kwenye kope.

"Njia imeshafunguka vizuri, mama, lakini sina tone. Tangi limekauka tangu juzi. Boza tumelilipia, halimwagi!"

"Haliji?"

"Limekuja. Lile pale. Dereva anasema anangoja amri."

Ng'ambo ya barabara lilikuwa limeegeshwa boza la buluu, kubwa kuliko zahanati yenyewe. Dereva alikuwa ndani, kioo amepandisha, anatazama mbele kama aliyekwenda kupigwa picha. Na hapo simu ya Mkunga ikalia.

"Mama, nasikia unataka kuitwa bibi. Hongera." Sauti ya Bwana Maboza ilikuwa laini kama mafuta. "Huyo binti wa redio unaye hapo? Sema mbele yake kwamba umefuta ushuru wa visima. Neno halitafika mwisho, koki itakuwa imeshafunguliwa."

"Kuna mtu anazaa humu!"

"Najua. Ndiyo maana sitakuchelewesha."

Kutoka ndani ikaja sauti ya kitindamimba, imebanwa kwenye meno. "Mama, usiseme! Usiseme kwa ajili yangu! Dada hakufa ili wewe..." Uchungu ukaikata, ukaigeuza yowe.

Katibu alipiga magoti kwenye vumbi. Mkwe, mbele ya watu, alimshika mama mkwe wake miguu yote miwili. Yaliyokuwa mwiko yaliisha hapo.

"Mama, nakusihi. Mimi ni mbaya, najua. Nitukane kesho."

"Mama, ukisema, ahadi imekufa," alinong'ona Fundi Bomba. "Bila ushuru jopo litaifuta leo hii."

Mkunga alimtazama Fundi. Akatazama mlango wa chumba cha uzazi, pazia lake la kijani, lile lile. Alikumbuka aproni. Ilikuwa nyeupe, na alama za vidole vitano vitano kila upande.

Akaufikia mkono wa binti wa redio, akakivuta kipaza sauti kinywani.

"Mimi, mwenyekiti wa Chama cha Ndoo..." Akalitazama boza. "Ushuru wa visima, nimeufuta."

Fundi Bomba aligeuka akampa mgongo.

"Umefanya vyema, mama," ilisema simu.

Dereva alishuka taratibu, kama mtu anayeteremka kaburini. Hakumtazama yeyote. Muuguzi alikimbia na ndoo, akaikinga chini ya koki kwa mikono miwili. Dereva akazungusha.

Koki ikakohoa. Ikakohoa tena. Yakadondoka matone matatu ya kutu.

Kisha: fsssss.

Mkunga aliujua mlio ule. Mji mzima ulikuwa unaujua. Fundi Bomba alichomoa spana, akaligonga tangi la boza ubavuni mara moja, kwa nguvu zake zote.

Likalia kama debe.

"Tupu!" alisema. "Mama, hili ni tupu!"

"Nisameheni," alisema dereva, na machozi yalikuwa yanamshuka. "Yote ni matupu. Visima vimekauka. Tunazunguka mjini na matangi matupu ili watu wasijue, mpaka uchaguzi upite. Ushuru ungekuja na wapimaji, na wapimaji wangetumbukiza kamba, wangekuta matope. Mimi naendesha tu, mama. Mimi naendesha tu!"

"Nani huyo anayesema?" ilifoka simu mkononi mwa Mkunga. "Nani kafungua mdomo hapo? Mzimeni!"

Binti wa redio alikitazama kipaza sauti chake. Taa yake nyekundu ilikuwa inawaka bado.

Lakini Mkunga hakusikia lolote katika hayo. Alikuwa ameuza ahadi, na alicholipwa ni upepo. Nyuma ya pazia la kijani kitindamimba wake alipiga ukelele mmoja mrefu, na muuguzi, aliyekuwa ameshaitupa ndoo na kukimbilia ndani, akaita:

"Kichwa hicho, mama! Kichwa kinaonekana! Njoo!"

Mkunga aliitazama mikono yake. Ilikuwa imejaa vumbi la barabarani mpaka kwenye kucha. Alipoinua macho aliona, pembeni ya pazia, muuguzi akiipangusa ya kwake kwenye aproni.